Miguu Iliyokataa Suruali ya Mzani: Kisa cha Zahanati Moja ya Moshi

Mtoto wa kisa hiki hakukosa kliniki hata mara moja. Kadi yake imejaa: chanjo za kuzaliwa, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, matone ya vitamini A ya mwezi wa 6, chanjo ya surua na rubela ya mwezi wa 9, na katikati ya hizo uzito wa karibu kila mwezi. Ukiikagua kama tulivyozoea kukagua kadi, utasema mtoto amehudumiwa na mama yake anastahili pongezi. Lakini alipoletwa kwa chanjo ya mwezi wa 18 alikuwa hajaweza kukaa bila kushikwa, hajatamka neno, na ngumi zake zilikuwa zimefumbwa muda mwingi. Siku hiyo ndipo mtumishi wa afya alipomwuliza mama yake, kwa mara ya kwanza, swali lisilohusu uzito wala chanjo: siku hizi anafanya nini na nini?

Nimekipitia kisa hiki pamoja na watumishi wa zahanati husika, iliyoko pembezoni mwa Manispaa ya Moshi. Kituo, familia na watumishi siwataji, na mambo machache ya nyumbani nimeyabadilisha wasitambulike. Nawaandikia wenzangu wa kliniki za mama na mtoto, pamoja na wale wanaotuandalia miongozo. Kila inapoulizwa kwa nini watoto kama huyu huchelewa kugunduliwa, jibu la haraka ni kwamba watumishi hawana elimu, basi waitiwe semina. Hapa elimu haikukosekana. Muuguzi aliona, mtoto akiwa na miezi 9, na akanyamaza. Sababu za kunyamaza kwake ndizo ninazotaka tuzitazame, maana nimezisikia kwa watumishi wengine pia, na fomu yoyote ya uchunguzi isiyozijibu itabaki kabatini.

Mtoto na njia aliyopita

Ni mtoto wa kwanza wa mama mwenye umri wa miaka 20 na kidogo anayeuza mboga sokoni. Mimba ilitimia, uchungu ukachukua muda mrefu, na mtoto alipotoka hakulia. Wakunga walimsaidia kupumua, akalazwa wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja mkoani Kilimanjaro, na siku ya pili akapata degedege. Alipotulia na kuanza kunyonya aliruhusiwa. Karatasi yake ilisema kwa ufupi kwamba alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, alipata degedege, sasa ananyonya, aendelee na kliniki. Mama aliihifadhi karatasi ile nyumbani pamoja na vitenge vyake. Zahanati hakuna aliyeiomba.

Hapo ndipo kisa kinapoanzia. Mtoto aliyekosa hewa na kupata degedege siku za mwanzo yuko kwenye hatari kubwa kuliko watoto wengine ya kupata mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayoathiri misuli na mwendo. Si kwamba lazima aupate. Wapo wengi wanaokua bila shida. Ila ni mtoto wa kutazamwa kwa makini tangu wiki ya kwanza, na sisi tukampanga foleni na wengine wote. Kwa miaka mingi sasa wakunga wetu wamefundishwa kumsaidia mtoto asiyepumua ndani ya dakika yake ya kwanza, na wanafanya kazi kubwa. Watoto ambao zamani wangezikwa wanarudi nyumbani mikononi mwa mama zao. Swali la nani anawafuatilia baada ya kurudi nyumbani hatujalipa uzito unaolingana na kazi ile.

Wiki ya 6 mama alisema mtoto analia sana na anashtuka hovyo. Akaambiwa ni tumbo, litaisha. Wiki ya 14 kichwa kilikuwa bado kinaangukia nyuma akiinuliwa, lakini siku hiyo mtoto hakuinuliwa na mtu mwingine zaidi ya mama yake, ambaye tayari alikuwa na mazoea ya kukishika kisogo kwa kiganja. Sindano ilichomwa pajani, wakaondoka.

Mwezi wa 6 uji ulipoanza, mstari wa uzito kwenye kadi ukaanza kulala. Watumishi waliona, kwa kuwa hilo ndilo tunalofundishwa kuliona, wakatoa ushauri wa lishe: aongeze karanga zilizosagwa, mafuta kidogo, dagaa. Ushauri wenyewe ni mzuri. Shida ni kwamba mtoto hakuwa amekosa chakula. Alikuwa hawezi kukimeza. Alikuwa akilazwa mapajani, kichwa kimeelekea nyuma, anamiminiwa uji mwepesi, anakohoa, anatema, anachoka. Kulisha kulichukua zaidi ya saa nzima, na mama alipoulizwa kama anamlisha mara ngapi kwa siku alijibu mara nne, kama kadi inavyotaka, akaonekana amefanya vibaya mahali fulani. Hakuna aliyemwuliza anamlishaje. Alipofika miezi 11 mtoto alilazwa kwa homa ya mapafu. Akatibiwa, akapona, akaruhusiwa, na hata huko hakuna aliyeunganisha kikohozi cha wakati wa kula na homa ile.

Sasa nirudi mwezi wa 9. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi kliniki anaijua ile suruali ya kitambaa inayoning'inizwa kwenye mzani. Unamwingiza mtoto mguu mmoja, kisha wa pili, unamtundika, unasoma. Mtoto huyu miguu haikuachana. Ilikuwa imekaza na kupishana kama mkasi, na muuguzi ilibidi aitanue kwa mkono ili ipite. Mtoto akalia. Uzito ukasomwa, ukaandikwa, chanjo ikachomwa, mama akaambiwa arudi mwezi ujao.

Nyumbani mama alikuwa ameliona jambo lile lile kwa njia yake. Alikuwa ameacha kumbeba mwanawe mgongoni kwa sababu miguu haikutanuka kuzunguka kiuno chake. Kanga ilikuwa haifungiki. Alimbeba kifuani kwa mikono miwili, ndiyo maana hata kazi ya sokoni ilianza kumshinda. Wanawake wawili walikuwa na dalili ile ile mikononi mwao asubuhi moja, ndani ya chumba kimoja, na kila mmoja akamwachia mwenzake aanze.

Bibi mzaa baba, mkazi wa Kibosho, alikuwa na maelezo yake: wavulana wa ukoo huo huchelewa. Baba yake naye alichelewa. Alipoona mwaka umepita akashauri mtoto afukiwe hadi kiunoni kwenye mchanga wenye joto ili miguu ipate nguvu, na walifanya hivyo. Mtoto alilia mpaka mama akamtoa. Palikuwa pia na maombi, na maneno ya majirani ambayo mama hakutaka kuyarudia. Bibi simlaumu. Alikuwa mtu pekee katika kisa hiki aliyelitaja tatizo kwa sauti na kujaribu kulifanyia kitu.

Waliyoyasema watumishi

Tulikaa baada ya saa za kazi, mganga mfawidhi akiwepo. Niliogopa kikao kingegeuka cha kutafuta mkosaji, lakini muuguzi mwenyewe aliyempima mtoto, mama mtu mzima aliyefanya kazi hiyo tangu wengine wakiwa shuleni, alifungua mazungumzo.

"Mimi niliona," alisema. "Miguu ilipokataa nilijua. Lakini nimwambie nini? Mwanao ana mtindio wa ubongo, haya nenda nyumbani?"

Kisha akaeleza kwa nini. Miaka ya nyuma alimwambia mama mwingine, kwa nia njema kabisa, kwamba mtoto wake haendi sawa na ampeleke hospitali kubwa. Mama yule alikwenda, akazungushwa, akarudi bila kitu, na baada ya hapo hakuonekana tena kliniki. Mtoto akakosa chanjo ya surua. Mumewe alikuja kuuliza nani amemwita mwanawe mlemavu. Tangu hapo muuguzi alijiwekea kanuni: kama huna la kumpa mama, usimnyang'anye amani. Kunyamaza kwake kulikuwa ni namna ya kuwalinda mama na chanjo.

Hoja hii naiheshimu kuliko zote zilizotolewa siku ile. Mwaka 1968 J.M.G. Wilson na G. Jungner waliandika kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani kanuni za kupima watu ambao hawajalalamika ugonjwa, na kati ya kanuni hizo imo hii: lazima kuwe na tiba inayokubalika kwa watakaokutwa na tatizo, na mahali pa kulithibitisha na kulitibu. Muuguzi wetu hajawahi kuisoma kanuni ile. Aliifikia kwa uchungu wa kazi. Ninapotofautiana naye ni hapa tu: amani aliyodhani anamwachia mama haikuwepo. Kanga isiyofungika ilikuwa imeshaiondoa. Kilichobaki kwa mama kilikuwa kuhangaika peke yake, na hilo muuguzi angeweza kumpunguzia siku ile ile, hata bila jina la ugonjwa.

Tabibu alizungumzia muda. Siku ya kliniki watumishi ni wawili, akina mama wamejaa mpaka nje chini ya mti, na baada ya kupima kuna kadi, kuna vitabu vya takwimu za afya vya MTUHA, kuna kuingiza chanjo kwenye mfumo. Kila mradi unaokuja unakuja na fomu yake, alisema, na mradi ukiisha fomu inabaki na sisi. Akaniuliza moja kwa moja kama nimeleta fomu.

Sikuwa nayo, na nilimweleza kwa nini. Vipimo vizuri vya makuzi ya mtoto vipo, tena vingine vimetengenezwa Afrika. Malawi walichapisha mwaka 2010 kipimo chao, MDAT, cha watoto hadi miaka 6, baada ya kuona vipimo vya Ulaya na Marekani vinawauliza watoto wa kijijini mambo ambayo hawajawahi kuyaona. Ni kazi ya kujivunia, lakini kina vipengele 136 na kumpima mtoto mmoja huchukua nusu saa hivi. Zidisha kwa foleni ya chini ya mti. Vipimo vya GSED vya Shirika la Afya Duniani, vilivyotolewa mwaka 2023, vilijaribiwa pia kwa watoto wa Pemba, ila vimekusudiwa kuonyesha hali ya makundi ya watoto, si kumtambua mtoto mmoja mmoja. Maswali Kumi, ya kutambua ulemavu, yaliyotumika katika nchi nyingi maskini ni ya watoto wa miaka 2 hadi 9. Maswali ya UNICEF na Kundi la Washington, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu, ya mwaka 2016 nayo huanzia miaka 2. Mtoto wetu alihitaji mtu wa kumwona akiwa na miezi 4. Ukisubiri miaka 2, nyonga zimeshaanza kukaza, na mapafu yameshaugua.

Mkunga alikuwa na malalamiko yake, ya haki kabisa: karatasi ya kuruhusiwa haisafiri. Wanaozalisha hospitalini na wanaochanja zahanati hawazungumzi. Angejua kwamba mtoto huyu alikosa hewa angemwinua mwenyewe wiki ya 14. Habari hiyo ilikuwa umbali wa safari moja ya daladala, ndani ya nyumba ya mama, kati ya vitenge.

Muuguzi kijana, yule aliyeuliza swali la mwezi wa 18, aliogopa jambo jingine: kukosea. Watoto hutofautiana, alisema, na ukimtisha mama kwa mtoto ambaye mwezi ujao anasimama mwenyewe, nani atakuamini tena? Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni namba. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto 816 wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likatoa viwango mwaka 2006. Mtoto mwenye afya anaweza kutembea peke yake akiwa na miezi 8.2 au akachelewa hadi miezi 17.6. Kwa hiyo bibi wa Kibosho hakukosea kusema kuna wanaochelewa. Lakini kukaa bila kushikwa kulianzia miezi 3.8 na kuishia miezi 9.2. Na viwango vilitolewa kwa wavulana na wasichana pamoja, kwa kuwa tofauti iliyoonekana kati yao haikuwa na uzito. Mtoto wa miezi 10 asiyekaa si suala la ukoo. Tena kuna dalili ambazo hazingoji umri wowote: miguu inayokaza na kupishana, upande mmoja wa mwili unaotumika kuliko mwingine kabla ya mwaka mmoja, mtoto aliyekuwa anajua jambo kisha akalipoteza. Kwa mtoto aliyezaliwa njiti unaondoa kwanza zile wiki alizowahi, ndipo unahesabu. Muuguzi kijana aliyaandika haya nyuma ya daftari lake, na nadhani yalimsaidia kuliko semina nzima ingemsaidia.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye aliyenishangaza. Alijua. Anaishi mtaa mmoja na familia ile, alisikia majirani wakinong'ona, na alishaingia nyumbani humo kuuliza kuhusu vyandarua na choo, kwa sababu hayo ndiyo aliyoagizwa kuuliza. Maoni yake yalikuwa kwamba kliniki si mahali pa mazungumzo haya. Apewe yeye, aulize nyumbani, mtoto akiwa ametulia juu ya mkeka. Muuguzi kijana alimpinga papo hapo: nyumbani kuna mama mkwe, kuna shemeji, mke kijana hawezi kusema mbele yao kwamba mtoto ana shida, maana lawama itamrudia yeye. Waliendelea hivyo kwa muda na sikuwakatiza, kwa sababu wote wawili walikuwa wanasema ukweli. Kutoka mwaka 2024 nchi ina mpango wa kitaifa wa wahudumu hawa, na swali la nini kiwekwe kwenye orodha yao linahitaji jibu. Mimi naona mhudumu ashike ufuatiliaji: rufaa ikishatolewa, yeye ndiye wa kujua kama mama alifika, alirudi na nini, na kwa nini hakwenda. Swali la kwanza liulizwe kliniki, mlango ukiwa umefungwa.

Nimpeleke wapi?

Swali la muuguzi mkongwe tulilirudia mara nyingi, na ndilo lililoniumiza zaidi kwa kuwa limeulizwa Moshi. Mji huu una bahati ambayo mikoa mingi haina. KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, inafundisha wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa tiba kwa vitendo. TATCOT, chuo kilichoanza mwaka 1981 katika eneo hilo hilo, kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi wanaotoka nchi nyingi za Afrika. Hospitali ya Mawenzi iko katikati ya mji. Wataalamu wanaosomea hapa wanaenda kuhudumia watoto wa Tanzania nzima, halafu muuguzi aliye umbali wa daladala moja au mbili anauliza ampeleke wapi.

Nilipodadisi niligundua kwamba majina ya hospitali aliyajua. Asichokijua kilikuwa siku ya watoto, chumba, na mtu. Kwa mama mwenye mtoto mzito mikononi, "nenda hospitali kubwa" maana yake ni nauli, foleni ya faili, kuambiwa leo si siku yake, na kurudi. Akirudi mara mbili hivyo, hatarudi ya tatu. Yule mama wa zamani aliyepotea kliniki alipotelea hapo, kwenye korido, na muuguzi akabeba lawama moyoni.

Kwa mtoto wetu muuguzi kijana alifanya tofauti, naye alifanya hivyo bila mwongozo wowote. Aliomba namba ya simu ya idara ya mazoezi, akapiga mbele ya mama, akauliza aje lini na amwulize nani, akaandika jina na siku nyuma ya karatasi ya rufaa. Kisha akamwambia mama maneno machache ambayo nimeyaomba ruhusa kuyaandika: "Dada, misuli ya mtoto imekaza, na wewe umeshaliona hilo. Sijui jina lake, wapo watakaotuambia. Alhamisi unamkuta mtu anayekusubiri." Hakutaja mtindio wa ubongo. Hakusema hali hiyo itaisha yenyewe. Na kabla hawajaondoka alimwonyesha jambo moja la kufanya usiku ule: kumlisha akiwa amekalishwa wima, nyonga zimekunjwa, kidevu kimeshuka kidogo, uji mzito kiasi, kijiko kidogo, bila haraka.

Alhamisi alikuja mama na bibi. Bibi ndiye aliyembeba.

Uchunguzi ulithibitisha mtindio wa ubongo wa aina ya kukaza misuli. Kule kushtuka kulikodhaniwa tumbo kulikuwa ni kifafa, akaanzishiwa dawa. Familia ilifundishwa kumwogesha kwa maji ya uvuguvugu kwanza ndipo kuitanua miguu taratibu, na kumbeba ubavuni akiwa amepanda kiuno cha mbebaji, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, ili kubeba kwenyewe kuwe zoezi. Fundi seremala wa mtaani alitengeneza kiti cha kona kwa vipimo walivyopewa. Bibi aliuliza kuhusu mchanga. Mtaalamu hakumcheka; alimweleza kwamba wazo la joto halikuwa baya, kwa kuwa joto hulegeza misuli iliyokaza, ila kufukiwa kunamwogopesha mtoto na mtoto mwenye hofu hukaza zaidi. Bibi alilipokea hilo, na tangu siku ile yeye ndiye anayesimamia maji ya uvuguvugu.

Sasa mtoto ana miaka 2 na nusu. Hatembei, na sijui mtu mwaminifu anayeweza kuiahidi familia kwamba atatembea. Anakaa kwenye kiti chake, anacheka akiitwa, anafikia kitu kwa mkono wa kushoto. Hajalazwa tena kwa homa ya mapafu, na uzito umepanda. Mama amerudi sokoni nusu siku. Mwaka 2017 wataalamu wa nchi mbalimbali walichapisha mwongozo unaoonyesha kwamba mtindio wa ubongo, au hatari kubwa ya kuwa nao, unaweza kutambuliwa kabla ya miezi 6. Vifaa wanavyovitaja hatuna. Lakini karatasi ya kuruhusiwa, wiki ya 14 na kichwa kinachoangukia nyuma vilitosha kabisa kuanza kumsaidia mtoto huyu zaidi ya mwaka mmoja mapema, na mwaka ule wa nyonga na wa mapafu haurudishwi.

Walichoamua, na ambacho bado wanabishania

Zahanati haikuongeza fomu. Mama mpya akifika na mtoto wa wiki 6 anaombwa karatasi zote za hospitali, na kama mtoto alikosa hewa, alizaliwa njiti, alipata manjano kali au degedege, kadi inawekwa alama na mtoto huyo anavuliwa nguo na kuinuliwa kila anapokuja. Wakati wa kumtundika mtoto yeyote kwenye mzani, anayepima anauliza: unamlishaje, unambebaje, ana jambo gani jipya tangu mwezi uliopita? Maswali hayo yanaulizwa mikono ikifanya kazi nyingine, na tabibu, aliyekuwa na shaka kuliko wote, amekubali kwamba foleni haijarefuka. Ukutani kuna karatasi yenye jina la mtu wa kupigiwa simu, siku na chumba. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe na ulinzi. Katika chumba hiki kimoja naona yale maneno yakianza kupata mahali pa kukaa.

Hawajakubaliana kuhusu jambo moja. Muuguzi mkongwe anataka mama wa mtoto wa wiki 14 mwenye dalili asiambiwe chochote zaidi ya "tunamtazama kwa karibu", hadi mtaalamu athibitishe. Muuguzi kijana anataka aambiwe siku ile ile kwamba kuna wasiwasi, na wasiwasi wa nini. Mimi niko upande wa kijana, kwa sababu mama akiambiwa mapema anapata miezi ya kujifunza kubeba na kulisha kabla mambo hayajawa mabaya, na kwa sababu nimemsikiliza mama wa kisa hiki. Nilimwuliza angependa aambiwe lini. Alisema siku ya suruali, kwa kuwa siku hiyo alimtazama muuguzi usoni akaona amejua, akarudi nyumbani akiamini jambo lenyewe ni baya kiasi kwamba hata muuguzi ameshindwa kulisema.

Nilimpelekea muuguzi mkongwe maneno hayo. Alikaa nayo kwa muda, kisha akasema atamwomba yule mama aje siku ya kliniki awaeleze wenzake jinsi anavyomlisha mtoto, na kwamba akija, yeye mwenyewe ana neno la kumwambia faragha. Msimamo wake kuhusu wiki ya 14 hakuubadilisha.